Mbegu Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Matokeo ya Kemia yametoka. Alama zangu siziandiki hata hapa, maana Mama hupenda kunipangia vitabu. Madam Chumvi, mwalimu wetu, kasema nisipopandisha alama nitarudia kidato cha pili. Na mdogo wangu Kitinda anaingia kidato cha pili mwakani! Tutakaa darasa moja. Ataniazima kalamu mbele ya watu. Bora ardhi inimeze.

Ila kuna mwanya. Anayetaka alama za ziada aoteshe nyumbani fuwele ya shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, ailete Jumatatu ijayo. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo alama zinavyoongezeka. Maelezo mengine yalinipita, nilikuwa nimesinzia.

Jumanne, 4 Machi
Nimejishusha nikamuuliza Profesa, yule wa dawati la mbele, miwani na majivuno. Bila kuinua kichwa akasema niyeyushe shabu kwenye maji moto, nining'inize mbegu kwa uzi, nisitikise. Mbegu gani? Akanijibu kwamba mwalimu kasisitiza kila mtu atumie mbegu yake mwenyewe, asiazime ya mtu.

Kumbe rahisi! Nimekata ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Iko wapi mbegu iliyo yangu kuliko hiyo? Nimeuning'iniza kwenye chupa ya jemu yenye maji ya shabu, dirishani. Kitinda kaniuliza mbona nacheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi
Imefikia ukubwa wa haragwe! Ya Profesa nasikia ni kama punje ya mchele. Sasa anadai eti mbegu ni chembe ya shabu yenyewe, si kitu kingine. Wivu tu.

Yangu ni nyeupe, inapitisha mwanga, na ina mistari myembamba inayozunguka, kama ya kidole kilichochovywa wino. Kidole changu cha mwisho kimepoa. Nimekivalisha soksi ya mtoto wa jirani.

Alhamisi, 6 Machi
Si haragwe tena. Ni kidole! Kina kifundo, kina ukucha, kinaning'inia kwenye uzi kimetulia.

Kitinda alikitazama mpaka nikachoka kusubiri. Akasema Kaka, lile kovu ni la kisu cha kumenyea viazi. Kweli lipo. Nikaangalia kidole changu: kovu halipo, ngozi imekuwa laini kama ya mtoto mchanga. Akanisihi nikimwage chooni, karibu alie. Ndugu wa damu, na bado hanitakii mema! Anataka nirudie darasa ili nimbebee mkoba.

Nimekata kucha nne zilizobaki za mkono uleule, nikazitia. Mkono mzima ni mkubwa kuliko kidole. Hilo hata mimi nalijua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa Profesa kwa kisingizio cha kuazima kitabu. Alipoingia chumbani kukichukua, nikamimina chumvi kwenye glasi iliyokuwa dirishani ili fuwele yake iharibike. Kumbe ni glasi ya bibi yake ya kuwekea meno ya bandia. Bibi akayavaa palepale. Nimefukuzwa mpaka barabarani.

Jioni tulikuwa tunakula. Ngo, ngo, ngo. Mama akadhani ni jirani, akaitikia kwa sauti yake ile ya furaha: karibu, pita ndani! Kugonga kukakoma. Mlango haukufunguka. Kitinda akaacha kijiko, akaniangalia, kisha akaangalia chumba changu. Sauti ilikuwa ya kitu kinachogonga kioo kwa ndani. Na Mama kashakikaribisha.

Naogopa, nakiri. Lakini kukaa dawati moja na Kitinda naogopa zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia haushiki kitu. Umekuwa mweupe, baridi, na ukiuinua mbele ya dirisha unaona uzio wa jirani kupitia kiganja. Namwambia Mama nimeulalia.

Ule wa kwenye chupa sasa una rangi nzuri ya afya. Umejaa mpaka shingoni mwa chupa, umebana vidole kwenye kioo. Nikipita upande huu, nao unageukia upande huu. Kitinda kahamia chumbani kwa Mama, na kahama na sala zake zote.

Jumatatu, 10 Machi
Niliweka chupa mezani, mkono wangu wa kulia nikauficha mfukoni. Profesa alikuwa amebeba fuwele yake kwenye pamba kama yai. Akaitia mfukoni.

Madam Chumvi akasogea, akaivua miwani, akaivaa tena. Akauliza kazi hii ni ya nani. Kabla sijainua mkono, mkono ukajiinua. Ulitoka kwenye chupa ukidondosha maji, ukachukua chaki, ukatambaa ukutani hadi ubaoni. Ukaandika mlinganyo wa shabu, namba zote mahali pake, kwa mwandiko wangu. Kisha ukajipigia alama ya vema.

Madam alirudi nyuma hatua mbili, lakini ni mtu wa haki. Akatoa alama zote za ziada. Kwa ule mkono! Nikapinga kwamba mbegu ni yangu. Akasema anayejua kazi ndiye anayepewa, na mimi nimesimama hapo hata mlinganyo siujui. Akauliza mkono jina lake, aliandike kwenye orodha. Haukujibu, hauna mdomo, na chaki ulipopewa uliandike ukaitupa. Basi akaacha nafasi ya jina wazi mpaka Ijumaa. Likija jina, alama ni za mwenye jina.

Jumanne, 11 Machi
Usiku mzima sikulala, na sasa nimeona kosa langu lilipo. Nilianzia mahali pasipofaa! Mkono unajua kuandika tu. Kinachotakiwa ni kitu chenye mdomo, kitamke jina langu mbele ya Madam, na kikiweza kinifanyie na mtihani wa hesabu.

Kitinda kapiga magoti mlangoni, analia, ananiita Kaka, Kaka. Nimeegemeza kiti mlangoni. Ndoo ya Mama ya kufulia imejaa maji moto, shabu imeshayeyuka, uzi upo tayari. Nimeng'oa unywele mmoja wa utosini.

Kichwa kikishaota, mambo ya kufikiria nakiachia chenyewe.