Mstari Mwekundu Kwenye Mkeka wa Wote

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mke wa mwanangu, kaa hapo uandike. Andika ninavyosema, usinitengenezee. Mimi shule niliishia mlangoni, nikipeleka maji. Haya. Leo barazani tumegawana miyaa, yale majani ya kusukia. Wanawake saba, kila mtu anasuka ukili wake, utepe mrefu, halafu zote zinashonwa mkeka mmoja. Ukishashonwa, hakuna wa kusema hapa pangu, hapa pako. Ndivyo tulivyokubaliana. Miaka arobaini! Mkono wangu unaishinda mikono yao yote, na nani anajua? Jumamosi mkeka unakwenda kwenye maonyesho. Shoga yangu Kijino, tunamwita hivyo kwa lile jino lake moja, kifua chake sasa kinanguruma kama mashine ya kusaga. Kasema anataka auone mkeka wetu ukutani, basi, ndipo apumzike. Mimi nataka watu waulize: nani kasuka hapa?

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata! Mstari mwekundu kwenye ukili wangu. Mmoja, mwembamba. Rangi inatakiwa ichemshwe sana, najua, lakini ukichemsha mvuke unatoka, na jirani naye anatoka. Nimeloweka miyaa kwenye maji baridi, ndoo chini ya kitanda. Imeshika vizuri tu. Usiniangalie hivyo. Andika.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mwenyekiti wetu wa baraza ndiye anayeshona. Kauona mstari, kauliza nini hiki. Nikamwambia macho mabovu, mwanangu, unanisaidia nisipotee. Kacheka, kauacha. Kijino hakucheka. Kanitazama tu. Wivu huo, na pumzi zenyewe za kuhesabu!

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ukumbi mkubwa, mkeka wetu katikati ya ukuta. Kijino kaletwa akibebwa juu ya kiti chake. Kautazama huku anatabasamu na jino lake. Labda dakika tano. Akaja mkaguzi wa maonyesho na kitambaa kibichi, akaupangusa vumbi. Wekundu ukashuka! Ukatoka kwangu, ukaingia kwa mwenyekiti, ukaingia kwa Kijino, mkeka mzima kama umechinjiwa kuku. Wakaushusha, wakaukunja. Mkaguzi akauliza, nani kasuka hapa? Swali langu lenyewe! Wanawake wote wakanigeukia.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Barazani wamenisalimu vizuri. Vizuri mno. Hakuna aliyenisogezea nafasi. Miyaa ikagawanywa, ikaisha kabla ya kunifikia.

Nikaenda kwa Kijino. Kalala, anaongea kwa vipande. Kaniambia, mpumbavu wewe, mkono wako mimi naujua nikipapasa tu, hata nimefumba macho. Sote tunaujua. Ulikuwa unamtaka nani mwingine?

Nimerudi na furaha yangu. Kumbe mkono unajulikana! Bado wageni tu hawaujui.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Kijino kafa alfajiri. Nimeambiwa na muuza maziwa. Miaka arobaini baraza moja, naambiwa na muuza maziwa.

Msibani kila mwanamke na kazi yake. Huyu masufuria, huyu maji, huyu anafagia. Nikajifunga kiunoni, nikashika ndoo. Mwenyekiti kaitoa mkononi mwangu taratibu. Kasema, pumzika bibi, wewe mgeni. Wakaniletea kiti. Kiti! Wenzangu wote chini, mimi juu peke yangu kama yule mkaguzi. Hata machozi yalikataa, yaliona aibu kushuka kutoka kule juu.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Mwenyekiti kaja nyumbani. Nikakimbilia kujitanda kanga. Hakunitaka mimi. Kamtaka mke wa mwanangu, huyu huyu anayeandika, akae mahali pangu barazani. Wanasuka mkeka wa kumkumbuka Kijino, utundikwe kule kule ukumbini.

Nimelia kidogo. Hilo usiandike.

Halafu nikafikiri. Mke wa mwanangu anasuka kama mtu anayefunga kuni, usikasirike, ni kweli. Basi nitamsukia mimi, humu ndani, yeye apeleke tu aseme ni wake. Kijino anastahili mkono mzuri. Na katikati nitapitisha mstari, mwembamba, watu wakiuliza wajue pa kuulizia. Bluu safari hii. Bluu haichuji, nyekundu ndiyo ina tabia mbaya. Ndoo nimeshaiweka chini ya kitanda, maji baridi yale yale.

Mbona kalamu imesimama? Andika.