Ala ya Babu na Mafuta ya Mkia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemvisha kila mnyama ngozi imfaayo.

Mpwa wangu Sabawun, mhifadhi wa ngozi katika jumba la makumbusho, Peshawar,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Charsadda tu wazima, ila mimi nina malalamiko. Naomba ala ya bastola ya marehemu babu irudi kabla ya Ijumaa, niivae katika harusi ya mjukuu wangu. Umeizuia mpaka niape kutoipaka mafuta tena. Siapi, kwa sababu hizi:

1. Miaka arobaini nimeipaka mafuta ya mkia wa kondoo wa Idi. Wewe umetamka mbele ya wazee wa hujra, baraza letu la wageni, kwamba mafuta hayo ndiyo yaliyoiozesha. Ng'ombe mwenye ngozi ile, alipokuwa hai, aliyabeba mafuta chini yake usiku na mchana. Nani alimkataza?

2. Umeitenga bastola na ala yake, eti ngozi hula chuma. Mimi na mkaza mjomba wako tumegombana miaka hamsini, na hakuna aliyetutia katika masanduku mawili.

3. Umeijaza karatasi laini na kuikinga na jua. Mimi nimekauka kuliko ala hiyo, visigino vimepasuka, wala hakuna aliyenijaza chochote.

4. Umemtaja paka wangu kuwa ushahidi kwamba ala ilinuka mafuta. Ni kweli alinifuata hadi msikitini na kunilamba kiuno nikiwa katika sijda. Tangu uichukue ala, hanijui. Juzi Zarmast kinyozi akanipazia sauti sokoni: "Maulvi sahib! Leo umeoga, au kondoo kafa?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe, hata paka ananiheshimu." Akacheka: "Alikuwa anauheshimu mkia, mzee wangu!"

Kwa hiyo irudishe ala, kisha uvipake mafuta hayohayo vitu vyote vya ngozi vilivyomo humo makumbushoni. Chungu nitaleta mwenyewe.

Msalimie dada yangu, mama yako, na watoto wote, mmoja mmoja.

Ni mimi mjomba wako,
Maulvi Wadud Gul

Baada ya sahihi: Mkanda wa ala hiyo niliuficha usikufikie, nikaupaka mafuta kila wiki ili nije nikuaibishe. Nimeujaribu kiunoni sasa hivi. Umekatika kama mkate wa juzi, na paka ameondoka na kipande. Wallahi, naapa: sipaki tena. Ijumaa njoo na ala ndani ya sanduku lake, uibebe wewe. Mimi nitatembea kando. Zarmast asijue. Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na awaepushe na paka.