Fimbo ya Shaba na Mbuzi wa Hajati Bushira

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimefika Koboko kutoka Arua. Ushirika wa wakulima wa simsim unaleta mitambo ya mtandao, na mimi ndiye wa kuandaa umeme wa chumba. Ijumaa anakuja Ritah, mkaguzi wao. Nikifaulu, napewa pia kazi ya tawi lao la Omugo. Nikishindwa, yote yanamwendea Okuonzi, fundi wa kupima kila kitu mara tatu. Bango langu nimeshalichora: INJINIA SWAIB. Mke wangu Shamira ameuliza kwa nini nisisubiri kwanza. Wivu tu.

Imebaki kazi moja. Fimbo ya shaba, ndefu kunizidi, ipigiliwe ardhini ili umeme uliopotea njia uzame chini usiunguze mitambo. Kiangazi hiki ardhi ni jiwe. Imeingia nusu, ikagoma. Nimeikata kwa msumeno. Juu inaonekana nzima kabisa, na nani atachungulia chini?

Jumanne, 4 Februari

Kumbe kipimo kinachungulia. Namba ya jinsi ardhi inavyoukataa umeme isizidi tano, yangu sitini. Dawa naijua: chumvi na maji. Nimechimba shimo kuizunguka fimbo, nikamwaga gunia zima la chumvi na maji, namba ikashuka vizuri. Jua likawaka, ikapanda tena. Panatakiwa maji kutwa, na mgongo wangu si wa kubeba ndoo.

Jumatano, 5 Februari

Akili ni mali! Msikiti uko ukuta kwa ukuta nasi. Nimehamishia mabirika ya kutawadhia kwenye shimo langu. Mzee Yakubu, mtunza msikiti, ameuliza sababu. Nimemwambia hapa pana kivuli. Ametazama juu, hakuona mti. "Swaib, kivuli yako iko wapi?" Lakini ametawadha. Baada ya alasiri namba ikawa nne. Nadhani hata thawabu tunagawana.

Alhamisi, 6 Februari

Okuonzi amepita. Ameonja udongo kwa ncha ya ulimi, akauliza kwa upole kama nawajua mbuzi wa Hajati Bushira. Nimemjibu sikuja Koboko kununua mbuzi. Ameondoka akitabasamu. Aliyeshindwa hana lingine la kufanya.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya. Ritah alipima mbele ya wote: nne. Akaanza kuandika. Nikaenda kutundika bango. Hapo wakaingia mbuzi wa Hajati, wote, wamenusa chumvi. Wakachimba kwa kwato, wakalamba. Beberu mkubwa akauma waya uliofungwa kwenye fimbo, akavuta, na kwa tope lile fimbo ikatoka yote. Yaani nusu yote. Ritah akauliza nusu ya pili iko wapi. Nikasema beberu ameila. Hajati akanijia juu, akasema mbuzi yake hapana kula chuma. Watu wa msikitini walicheka mpaka Mzee Yakubu akalazimika kutawadha upya. Niliona aibu, nakiri.

Jumamosi, 8 Februari

Kazi amepewa Okuonzi. Mimi ni msaidizi wake. Fimbo yake ndefu imezama yote bila jasho, kwa sababu ardhi niliilainisha mimi na waumini wangu. Hata asante hakusema. Shimo amelifunika kwa bango langu ili mbuzi wasirudi. Jina langu limelala kifudifudi kwenye tope. Jumatatu ananituma Omugo nitangulie kuandaa.

Nimekaa nikatafakari kosa langu, na nimeliona. Ni chumvi. Ilitakiwa ichanganywe na pilipili, kwani mbuzi halambi pilipili. Nimeshanunua kikapu kizima. Na ile nusu ya fimbo niliyoikata bado ninayo. Kwa Omugo inatosha.