Pua Safi ya Mwalimu wa Virusi

Jumatatu, 4 Machi
Habari njema. Alhamisi mkaguzi anakuja kutazama somo langu: jinsi virusi vinavyoenea na vinavyopimwa. Akiridhika, ukuu wa maabara ni wangu. Asiporidhika, atapewa Bwana Bakteria, mwalimu wa bakteria, mwenzangu wa meza ya pili, mtu anayepanguza kiti kabla ya kukikalia. Nimepiga chafya tangu asubuhi. Vumbi la chaki.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umeiva. Wanafunzi watatumia kipimo cha haraka cha mafua. Mstari mmoja, huna virusi. Miwili, unavyo. Wa kuonyesha mstari mmoja anatakiwa mtu mzima wa afya. Pua gani safi kuliko ya mwalimu mwenyewe?

Mke wangu kanigusa shingo, kasema nina homa, nipumzike. Nikamjibu kwamba virusi nimevisomea, haviwezi kunivizia. Akasema mganga hajigangi, akachukua mto, akahamia chumba cha watoto. Angalau ameniita mganga.

Jumatano, 6 Machi
Zoezi la mwisho. Nimempa mkono kila mwanafunzi ili kumtia moyo. Bwana Bakteria kasimama mlangoni, kaniuliza kama barakoa zimeniishia. Wivu mtupu! Nimemkumbatia mbele ya darasa, ajue sina kinyongo. Alikauka kama ubao.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya siku. Nimeeleza matone ya chafya, mikono, vitasa vya milango. Sijawahi kusema vizuri namna ile, ingawa sauti ilikuwa inakwama. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikaingiza kijiti cha pamba puani mwangu. Machozi yakanitoka. Nikatangaza mapema kwamba tutaona mstari mmoja.

Miwili.

Mwanafunzi wa mbele alirudisha kiti nyuma. Nikasema kipimo ni kibovu. Kikaja kingine, miwili tena. Cha tatu hakikusubiri hata nimalize kueleza. Nikawaambia wanafunzi waandike kwamba vipimo vibovu huja boksi zima. Nilipompa mkaguzi mkono wa kwaheri, aliupokea kwa kiwiko.

Jumatatu, 11 Machi
Darasa nusu tupu. Bwana Bakteria anaumwa. Ukuu wa maabara kapewa yeye, na kazi ameianza akiwa kitandani: kawapigia simu wanafunzi waliobaki, kawaagiza wachore ramani ya nani kamwambukiza nani.

Imebandikwa ubaoni. Katikati nipo mimi. Mishale inatoka kwangu kwenda kwa wanafunzi, kwa mpishi wa chuo, kwa mkaguzi, kwa Bwana Bakteria. Mkuu wa chuo kaniuliza, kwa barakoa na kwa mbali, kama nimejifunza chochote.

Niliumia kuukosa ukuu, sikatai. Lakini nilipoitazama ile ramani vizuri, nilijawa na fahari. Ndiyo somo langu lile, limeeleweka mpaka jikoni. Bwana Bakteria amefundisha miaka yote hiyo na hana hata mshale mmoja.

Nimeamriwa nikae nyumbani mpaka nipone. Nitakaa. Lakini muungwana hawaachi wagonjwa wake bila pole, kwa hiyo jioni hii nawapitia wote. Naanza na mkaguzi. Safari hii nitamshika mkono kwa mikono miwili.

Chafya bado zinanisumbua. Itakuwa vumbi la ile ramani.