Chozi wa Migomba Minne

Jumatatu, 10 Mei 1993
Mvua. Mwalimu Fulgence wa baiolojia amesema kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Migomba yetu hapa Nkunga, katikati ya mashamba ya chai, ni kisiwa kwa ndege asiyependa kuvuka chai. Kumbe naishi kisiwani na sikujua!

Kila mwanafunzi anachora himaya ya ndege mmoja, yaani eneo analolilinda asiingie mwingine. Mwanafunzi mmoja tu atakwenda maonyesho ya sayansi Mbeya, pamoja na mchoro wake. Nataka safari hiyo iwe yangu. Nimechagua chozi, yule mdogo anayefyonza maua ya migomba. Ana migomba minne tu. Akivuka, chozi jirani anamfukuza. Ndege wa Lightness, mwenzangu darasani, ana bustani nzima kule Bulyaga. Lightness aliuliza kama wangu amepanga chumba kimoja. Darasa likacheka. Mimi pia, kidogo.

Jumatano, 12 Mei
Nimefikiri. Mwalimu alisema chakula kikiwa kingi, himaya huwa ndogo. Kikipungua, ndege hutanuka. Basi kipungue. Bibi hukata ua la mgomba mkungu ukishamaliza kutoa chane, ili ndizi zinenepe. Nikajitolea kumsaidia. Akasema ndaga, asante mjukuu wangu, Mungu akuongeze. Nikakata maua ya migomba yote minne, hata ambayo chane zilikuwa bado zinatoka.

Jioni Bibi aliuliza nimetumwa na nani. Nikasema sayansi. Akasema vizuri, basi sayansi ije ile chakula chake hapa hapa, mkungu wenye chane mbili.

Ijumaa, 14 Mei
Sijui niandikeje. Ametanuka kweli. Ndege mwepesi kuliko kipande cha chaki amewashinda majirani wawili. Anazunguka kutoka jikoni hadi ukingo wa chai, na pale ukingoni hugeuka, kila mara, kana kwamba kuna ukuta. Kifua chake chekundu kinawaka kwenye ukungu. Nilisahau kuchora. Nilisahau kwamba mimi ndiye niliyemnyima chakula. Bibi alikuja kunigombeza kwa kulowa, akatazama, akabaki amesimama nami.

Jumatatu, 17 Mei
Nimewasilisha himaya kubwa kabisa. Mwalimu akasifu mistari, kisha akasikitika. Alikuwa akitafuta himaya ndogo kuliko zote, aiweke kando ya ile ya Lightness, watu wa Mbeya waone jinsi makazi yanavyompangia ndege mipaka. Alikuwa ameshaichagua migomba yangu minne.

Lightness akanong'ona kwamba mpangaji kahamia ghorofani.

Nikamwambia Mwalimu kwamba himaya hupanda na kushuka, huenda ikawa imesharudi. Akasema atakuja Alhamisi kujionea.

Kwa jirani yetu Mama Ambwene maua ya migomba yamejaa, naye huniamini. Kesho nitajitolea kumsaidia kukata. Kisha nitayafunga kwenye migomba yetu kwa kamba za migomba hiyo hiyo. Sioni kitakachoharibika.