Matundu Kumi na Moja Kwenye Dari Yangu

St Albans, Melbourne
Tarehe 3 Juni

Kwa Mhariri wa jarida la Sauti Nyumbani

Ndugu Mhariri,

Salamu zikufikie popote ulipo, na Mungu akulinde mpaka umalize kusoma. Mimi ni Filomena Buttigieg, mjane wa miaka sabini na minane, na naandika nikiwa nimekaa jikoni, chini ya tundu la nne. Yapo kumi na moja. Nakuarifu kwa sababu nayahesabu kuwa ni yako.

Mwezi wa Februari, siku yangu ya kuzaliwa, tulipokuwa tukila makaroni ya kuoka, nilisema sentensi moja. Nilisema kwamba nikiwa chumba cha kufulia siisikii redio ya jikoni, na kipindi chetu cha Kimalta cha asubuhi kinanipita. Basi. Mtu akisema ana kiu hajaomba kuchimbiwa kisima.

Mezani walikuwapo wanangu wawili. Mkubwa ni Reno, fundi umeme wa tramu. Mdogo ni Saviour, anafundisha hesabu sekondari. Wote wamepita miaka hamsini na wote, bila mimi kujua, ni wasomaji wako. Reno alinunua toleo la Machi, ulimoandika kwamba nyumba inayojiheshimu huwa na amplifaya moja kubwa yenye njia nane, ifichwe kabatini, na waya zipite darini hadi kila chumba. Saviour akanunua toleo la Aprili, ulimoandika kwamba hayo ni mambo ya zamani, kila chumba kiwe na amplifaya yake ndogo na zizungumze zenyewe kwa waifai. Jina chini ya makala zote mbili ni lako. Nimelitazama kwa miwani, halafu bila miwani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Amplifaya ya Reno imekaa kwenye kabati la mashuka. Taulo zangu zimehamia chini ya kitanda, kwa maelezo kwamba mashine inapata joto na inahitaji nafasi ya kupumua. Mimi nina pumu tangu mwaka tulioshuka melini tukitoka Malta, na hakuna aliyewahi kunihamishia taulo.

2. Matundu yenyewe. Reno alitoboa sita ya kuwekea spika. Jumamosi iliyofuata Saviour akaja, akasema yamekaa vibaya na sauti itagonga kabati la vyombo, akatoboa matano ya kwake. Kwenye tundu la chumba cha kufulia alichungulia posamu, mnyama wa usiku mwenye manyoya, mkubwa kama paka, yule yule aishiye darini, ambaye marehemu mume wangu Leli alikuwa amekubaliana naye kwamba kila mmoja abaki upande wake. Saviour alifika sakafuni kabla ya ngazi. Posamu sasa anashuka mwenyewe na kula mbegu za ndege wangu.

3. Lugha. Nyumbani kwangu watu walikuwa wakigombana kuhusu siasa, mpira na jibini, mambo ya kueleweka. Siku hizi wanagombana kuhusu kitu kiitwacho omu, eti ni kipimo cha umeme. Saviour alisema ukifunga spika mbili kwenye njia moja, omu zinashuka na amplifaya itaungua. Reno akamjibu, "Mimi nahudumia umeme wa tramu za mji mzima. Wewe unafundisha watoto kugawanya keki." Tangu hapo hawasemezani ila kupitia kwangu. Mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na mmoja nasimama katikati ya sebule, nikimwambia huyu omu nne na yule omu nane, kama mkalimani wa nchi mbili zilizo vitani.

4. Zile ndogo za Saviour zina majina kwenye simu. Ya kufulia iliitwa Kufulia mpaka Jumanne moja ikapotea, ikarudi ikidai nywila. Nilisimama na kapu la shuka mbichi huku ukuta ukitaka kujua mimi ni nani. Nimeishi humu miaka arobaini na sita.

5. Siku ya majaribio waliwasha zote pamoja, kubwa na ndogo, kila mmoja akitaka ya mwenzake ishindwe. Za Saviour zilichelewa kidogo nyuma ya ile ya Reno, kwa hiyo padri aliyekuwa akiongoza rozari redioni akawa anajiitikia mwenyewe kutoka bafuni. Jirani yangu Hanh, mwanamke mwenye adabu kuliko mtaa mzima, alikuja na sahani ya machungwa kutoa pole, akauliza ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni wanangu wanachagua amplifaya. Akatazama dari kwa muda. "Dada Filomena," akasema, "mimi ningeihamisha tu redio."

6. Redio haipo. Reno ameichukua kwake kuipima. Ni wiki ya tisa.

Kwa sababu hizo nadai utoe hukumu moja, kubwa au ndogo, ukurasa wa mbele, kwa muhuri, na usiibadilishe mpaka nizikwe. Ukishindwa, nitamwandikia mbunge wetu jarida lako liwekwe nyuma ya kaunta kama sigara, na mwanamume aliyepita miaka arobaini asiuziwe amplifaya bila barua ya mama yake. Na hilo likishindikana, njoo mwenyewe na plasta. Ngazi ipo. Chakula nitakupa, ila utakula ukiwa huko huko juu.

Nisalimie wafanyakazi wako, mkeo, mama yako kama yu hai (muulize dari yake inaendeleaje), na yule anayepiga picha za amplifaya zikapendeza kama keki za harusi.

Ni mimi, kwa heshima zote na vumbi la dari kwenye nywele,

Filomena Buttigieg

Nyongeza: Barua hii imekaa siku tatu ikingoja stempu. Jumamosi walikuja tena, wote wawili. Kabla ya mambo haya nilikuwa nawaona Krismasi, Pasaka na siku yangu ya kuzaliwa, funguo za gari zikiwa mkononi. Hii ilikuwa Jumamosi ya kumi na mbili mfululizo. Saviour alikuwa juu, Reno ameshika ngazi, na bila kupitia kwangu Reno akamwambia, "Shuka ule, mdogo wangu, pastizi zinapoa." Walimaliza sinia zima la maandazi hayo yetu ya jibini, wakabishana hadi jua linatua, na hakuna aliyetazama saa.

Kwa hiyo hukumu usitoe. Kama una nafasi katika toleo la Julai, andika kwamba zote mbili ni makosa na kuna aina ya tatu. Dari ya chumba cha wageni bado ni nzima.