Kacha Thelathini na Sita

Jumanne, 4 Juni

Nimeapa mbele ya wakwe. Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka themanini, na picha ya simu haitaki. Anataka ile kamera ya filamu ya marehemu mumewe. Miaka kumi na minne kabatini! Vile vibati vya ndani, vinavyofunguka na kufumba kama kope ili mwanga upite, vimenata. Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema ipelekwe kwa fundi saa. Nikamwambia fundi wa nini, nami nipo? Mdomo huu!

Alhamisi, 6 Juni

Nimejifungia bafuni na mafuta ya cherehani ya mke wangu. Matone mawili. Halafu mawili mengine, ya baraka. Kacha! Kope zikacheza. Nimepiga magoti nikamshukuru Mungu, kisha nikampigia shemeji kumuuliza kama huyo fundi wake bado ana njaa. Hilo nitalitubia baadaye.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Mama mkwe alikaa na gauni lake la buluu, uso umekaza. Tangu tumzike mzee sijaona meno yake. Nikabonyeza. Kimya! Mafuta yametambaa, vibati vimegandana kama kurasa zilizolowa. Shemeji ananitazama. Nikagonga ulimi kwenye kaakaa: kacha! Mama akatabasamu. Basi ningeachaje? Picha thelathini na sita, zote za ulimi. Mama akanibariki. Shemeji akanipa mkono, masikini!

Jumatatu, 10 Juni

Mama amekwisha nunua fremu. Nimeingia kwa fundi saa kwa mlango wa nyuma. Akafungua kamera, akanusa, akaniuliza, mzee, ulikuwa unatengeneza au unakaanga? Vibati hivi havitaki mafuta hata tone, kasema. Vinasafishwa, vinaachwa vikavu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikaungama. Akacheka hadi machozi. Kasema uzee umemshika magoti, si masikio. Ulimi aliusikia tangu picha ya kwanza. Marehemu naye alifanya vivyo hivyo siku mke wangu alipobatizwa, ndiyo maana hakuna picha hata moja ya siku ile. Kumbe alikuwa akimtabasamia mumewe! Kisha akaipangusa ile fremu tupu, taratibu. Jumapili atalivaa tena gauni, kasema, ila mwanangu, atakayebonyeza ni shemeji yako.

Laiti ardhi ingenimeza!

Jumapili, 16 Juni

Kamera imepona. Shemeji amepiga picha. Mimi nilishika pazia nyuma ya mama. Mama hakutabasamu mpaka nilipogonga ulimi.

Asubuhi kanisani nilitubu kwa machozi: sitagusa tena nisichokijua. Amina. Ila nilipofumba macho nikasikia saa ya ukutani inachechemea. Mzee wa kanisa anataka aitwe fundi saa. Fundi wa nini? Kesho mlango wa pembeni wa kanisa utakuwa wazi, na ile chupa ya mafuta bado ina nusu.